Nafasi Tatu Baada ya Nukta

Hazipiti wiki nyingi kabla kijana mmoja au wawili hawajanitafuta wakitaka kujua nilichukua cheti gani hadi nikapata kazi ya ushauri wa teknolojia Oman. Huwa nawajibu kwa urefu, na mara nyingi naona jibu langu haliwaridhishi. Wao wanataka jina la mtihani. Mimi ninachokumbuka ni maduka ya Kariakoo, mtunza stoo mmoja wa Kihindi niliyemkosea, na mhasibu mzee wa Kipemba aliyeniwekea mezani sarafu ya baisa 5, fedha ndogo ya Oman. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, kama yalivyonikuta.

Nilisoma sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale kampasi ya Kijitonyama. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya hadhi ndogo kiasi kwamba nikirudi Tanga kwa likizo nilipata tabu kuieleza. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa inaunganisha programu za mauzo na mashine za EFD, zile za risiti za kodi ambazo wafanyabiashara wa Tanzania walianza kutakiwa kuzitumia mwaka 2010. Nilishinda Mtaa wa Kongo na Msimbazi, laptopu juu ya marobota ya vitenge, natafuta kwa nini risiti haitoki huku foleni ya wateja inaninung'unikia mgongoni. Wenzangu niliosoma nao walikuwa benki na kwenye makampuni ya simu, wanavaa tai. Mimi nilikuwa nayajua mambo kama haya: risiti ikishatoka haifutiki; mteja akirudisha mzigo unatoa hati nyingine inayotaja namba ya ile ya mwanzo; bei anayoitamka muuzaji kwa mdomo tayari ina VAT ndani, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ila ile iliyoandikwa kwenye daftari lake pengine haina; na karatasi ya risiti ikikaa miezi michache inafifia hadi maandishi yanapotea, kwa hiyo mwenye busara anaitoa kopi siku hiyohiyo.

Katikati ya mwaka 2019 rafiki yangu alinitumia tangazo la kampuni ya ushauri iliyoko Muscat. Niliomba bila tumaini kubwa. Wakanipigia watu wawili kwa video, tukaongea karibu saa nzima, na hawakuniuliza hata swali moja la kuandika programu. Waliniuliza: mteja akirudisha nusu ya mzigo mwezi unaofuata, ile kodi unaifanyaje? Nikawaeleza kama ambavyo ningemweleza mama mwenye duka la vyombo pale Kariakoo. Wakatazamana. Wakauliza lingine la aina hiyo, na lingine.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Nchi sita za Ghuba zilikuwa zimekubaliana mwaka 2016 kuanzisha VAT. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zilianza 1 Januari 2018, Bahrain mwaka uliofuata, na Oman ilijulikana kuwa itafuata, siku ndiyo ilikuwa haijatajwa. Muscat kulikuwa na mafundi wa mifumo hodari kuliko mimi mara kumi, lakini wengi wao hawakuwa wamewahi kuishi na kodi hiyo. Sisi tunayo tangu 1998. Zile siku zangu za vumbi la Kariakoo ndizo walizokuwa wanazitafuta, na mimi karibu niziache kabisa kwenye barua ya maombi kwa kuziona duni.

Habari za makaratasi nitazipitisha haraka, isipokuwa moja. Cheti cha chuo kinagongwa mihuri Wizara ya Mambo ya Nje kisha ubalozi wa Oman, unapimwa afya kabla ya kusafiri, viza inatafutwa na mwajiri. Hilo moja ambalo sitalipitisha ni mkataba. Niliahidiwa riali 700 kwa mwezi, na riali moja wakati ule ilikuwa karibu shilingi 6,000, kwa hiyo kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha jenga nyumba. Sikuona kwamba riali 700 ile ilikuwa imegawanywa: mshahara wa msingi 300, na 400 zilizobaki ni posho ya nyumba, ya usafiri na nyinginezo. Kwa sheria ya kazi ya Oman iliyokuwapo, kiinua mgongo kilihesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, siku 15 kwa kila mwaka katika miaka mitatu ya mwanzo. Mtu mwenye msingi wa 300 na mwenye msingi wa 700 wanaweza kupokea fedha sawa kila mwezi na siku ya kuondoka wakaachana mbali sana. Nakuomba, wewe unayesoma hapa ukiwa na karatasi ya ajira mkononi: tafuta neno "msingi" kabla hujatafuta jumla. Mwombe mtu anayesoma Kiarabu akusomee upande wa pili pia, maana kukiwa na ubishi upande huo ndio unaosikilizwa.

Nilishuka Muscat Septemba 2019, saa nane za usiku, na joto likanipokea mlangoni kama mvuke wa sufuria. Nikapanga chumba Ruwi na wenzangu wawili, mmoja wa Sudan na mmoja wa Kerala, kusini mwa India. Juma la kazi linaanza Jumapili. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko. Nilitegemea kuwa mgeni kabisa, kumbe siku ya nne tu nikiwa kwenye foleni ya mkate nikasikia nyuma yangu wanawake wawili wakiulizana kwa Kiswahili cha Unguja iwapo nazi zimepanda bei. Miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi, wengi walitoka Zanzibar na bara yetu wakiwa na Kiswahili chao. Kiswahili hicho bado kipo, kwenye nyumba, kwenye majiko, na hata maofisini ikiwa una bahati.

Mimi bahati hiyo nilikuwa nayo. Mteja wangu wa kwanza alikuwa msambazaji wa vyakula: biskuti, sukari, maziwa ya unga, soda, maelfu ya bidhaa zinazopelekwa kwenye maduka madogo kwa magari. Ofisi na stoo vilikuwa kwenye eneo la viwanda linaloitwa, kwa sadfa ya ajabu kwa masikio yetu, Ghala. Kazi yetu ilikuwa kumtoa kwenye mfumo wa zamani na kumwingiza kwenye mpya kabla VAT haijafika. Na mhasibu wake mkuu alikuwa mzee aliyezaliwa Wete, Pemba, akafika Muscat mwaka 1973 akiwa kijana. Ofisini sote tulimwita Ami.

Nilimwamkia kwa shikamoo, akasimama. Akasema hajaamkiwa hivyo ofisini kwa miaka. Kisha akaniambia, "Kesho njoo saa nne tukae sote wawili, nikuonyeshe vitabu vyangu." Nikafika saa nne, jua limepanda, hayupo. Nikasubiri, nikapiga simu, haipokelewi. Nikaondoka nimekasirika. Alifika saa kumi alasiri, na yeye akanikosa. Miaka zaidi ya arobaini ya Muscat ilikuwa imemhamisha saa. Maneno ni yetu, hesabu yake ni ya Kiarabu. Saa nne kwake ni ile mishale inayoonyesha nne. Hakuna aliyekuwa na kosa, wala hakuna aliyefikiri kuna haja ya kuuliza, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunaongea Kiswahili. Laiti ningeichukua siku ile kama onyo.

Novemba tulifanya majaribio ya kuhamisha data. Tulichukua orodha ya bidhaa zote, idadi iliyohesabiwa stooni na bei ya kila moja, tukaimimina kwenye mfumo mpya, kisha tukalinganisha thamani ya mzigo wote na ile ya mfumo wa zamani. Zilitakiwa ziwe sawa. Zikatofautiana kwa riali 1,412 na baisa 385.

Nilikagua siku tatu. Nilirudia kuingiza mara mbili, nikahesabu mistari, nikatafuta bidhaa zilizojirudia. Kila kitu upande wangu nilikiona safi. Siku ya tatu jioni nikaandika barua pepe kwa meneja wa mradi na kwa mteja, nikasema kwa Kiingereza cha kupendeza kwamba hesabu ya stoo haiaminiki na ninashauri mzigo uhesabiwe upya. Ndivyo nilivyodhani mshauri anavyoandika: kwa uhakika, kwa sentensi fupi.

Mtunza stoo alikuwa mtu wa Kerala, mfupi, mkimya, mwenye miaka 17 kwenye stoo ileile. Hakunijibu. Aliwakusanya vijana wake na wakahesabu upya usiku wawili mfululizo, baada ya magari ya mwisho kurudi, vipande zaidi ya laki nane. Nilikuja asubuhi moja nikakuta wawili wamelala juu ya maboksi. Hesabu ikatoka ileile. Tofauti ikabaki ileile, baisa 385 na yote.

Ami akaniita. Alikuwa amechapisha kurasa kumi za orodha yangu.

"Keti, mwanangu."

Nikakaa. Akafungua droo, akapekua kidogo, akatoa sarafu ndogo ya shaba, akaiweka juu ya karatasi.

"Hii nini?"

"Baisa tano, Ami."

"Na katika kompyuta yako, hii iko wapi?"

Sikumwelewa. Akachukua kalamu, akazungushia mstari mmoja. Ilikuwa biskuti ya watoto, ile ya pakiti nyekundu, na bei yake kwenye orodha yangu ilikuwa 0.08. "Biskuti hii mimi naijua," akasema. "Tunainunua kwa baisa themanini na tatu. Hizo tatu umezipeleka wapi?"

Riali moja ina baisa 1,000. Sarafu ya nchi hii inaandikwa kwa nafasi tatu baada ya nukta, na si Oman pekee. Dinari ya Bahrain, ya Kuwait na ya Jordan ni vivyo hivyo. Kiolezo changu cha kuhamisha data nilikitengeneza Dar es Salaam, kwa shilingi. Safu ya bei niliipa nafasi mbili, na hata hizo mbili kwetu ni pambo, maana nani ameshika senti mkononi siku hizi? Kwa hiyo kila bei iliyopita kwenye safu ile ilikadiriwa hadi nafasi mbili, ikapoteza tarakimu ya mwisho. 0.083 ikawa 0.08. 0.042 ikawa 0.04. Nyingine zilipanda badala ya kushuka, lakini bidhaa za bei ndogo ndizo zilizokuwa nyingi, na bei zao nyingi ziliishia mbili, tatu, nne. Baisa tatu mara pakiti elfu arobaini ni riali 120. Jumlisha pipi, jumlisha vibiriti, jumlisha sabuni za vipande, unafika 1,412.

Kilichonichoma ni kwamba baisa nilikuwa nazitumia kila siku. Nilikuwa nalipa chai baisa 100, napokea chenji ya 50 na 25, nazijaza mfukoni. Mkono wangu ulikuwa unajua tangu wiki ya kwanza. Sikuwa nimemwuliza mkono wangu chochote. Na hakuna mtu aliyeniambia, kwa sababu pale hata mtoto anayetumwa dukani analijua hilo, na nani atamwambia mshauri aliyeletwa kwa ndege jambo analolijua mtoto?

Nilirekebisha safu usiku uleule. Tofauti ikawa sifuri. Lakini barua ile ilikuwa imekwisha somwa na watu wanane.

Asubuhi nilikwenda stoo. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi na yote yakapotea. Nikamwambia mtunza stoo mbele ya vijana wake kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo, kosa lilikuwa langu, na nimekwisha andika barua nyingine kwa watu walewale wanane. Akanitazama kwa muda. Akamtuma kijana alete chai ya karak, akavuta kiti cha plastiki, kisha akatoa chini ya meza daftari refu lenye jalada gumu. Humo alikuwa ameandika, kwa mwandiko mdogo sana, kila kitu ambacho mfumo wa zamani haukukijua: katoni ipi hufika na pakiti 48 ingawa kwenye ankara imeandikwa 50, duka lipi hulipa baada ya mshahara kutoka, dereva yupi asipewe mzigo wa vioo. Nilikaa naye hadi adhuhuri. Nimefanya kazi za namna hii kwa miaka kadhaa sasa, na sijawahi kupata saa mbili zenye faida kuliko zile. Daftari lile lilikuwapo tangu siku ya kwanza, hatua thelathini kutoka kwenye meza niliyokuwa nachorea michoro yangu.

Tangu hapo nina ukurasa kwenye kijitabu changu ninaoujaza kabla ya kugusa kitu kwa mteja mpya, na maswali yake ni ya mtoto mdogo. Juma linaanza siku gani? Mwaka wa hesabu unafunguliwa mwezi gani? Ukisema saa nne, niangalie saa yangu niwe naona nini? Fedha yenu ina nafasi ngapi? Mtu anaandikwaje jina? Hilo la jina lilitusumbua kweli: Momani ana jina lake, la baba, la babu na la ukoo, mtu wa kusini mwa India anaweza kuwa na jina moja na herufi moja, na fomu yetu ilikuwa inalazimisha majina mawili, kwa hiyo wafanyakazi tisa wakajikuta wote wana jina la pili "Nukta". Nauliza pia mashine itatumika wapi. Kimashine cha risiti cha dereva kinakaa kwenye gari lililoegeshwa juani mwezi Juni. Karatasi ya risiti inachapwa kwa joto, na kwa joto hilohilo inageuka nyeusi. Kwetu Kariakoo zilikuwa zinafifia, kule zinaungua. Kwenye nchi itakayotaka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 10, hilo si jambo la kuligundua baadaye, na nililigundua kwa kukaa kwenye gari la dereva siku nzima, kutoka Seeb hadi Barka na kurudi.

Mwaka 2020 ulianza kwa msiba. Sultan Qaboos alifariki 10 Januari, kazi zikasimama siku tatu. Ami alirudi ofisini amevimba macho. Kwake yeye huyo ndiye mtu aliyemrudisha nyumbani. Kisha ikaja korona. Uwanja wa ndege ulifungwa kwa wasafiri kuanzia mwishoni mwa Machi hadi 1 Oktoba. Kampuni yetu ikatuomba tukubali kupunguziwa robo ya mshahara, tukakubali, tungefanyaje. Mdogo wangu aliolewa Tanga mwezi Agosti, nami ndoa niliitazama kwenye simu, picha inakatika kila shekhe akianza kusema.

Ndipo nikaletewa binti mmoja Momani, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, nimfundishe mfumo. Serikali ya huko imekuwa ikisukuma kwa miaka mingi nafasi za kazi zishikwe na wananchi, na mgeni yeyote anajua maana ya kuletewa kijana akae pembeni yako. Mwenzangu wa chumbani alinionya kwa nia njema: mpe nusu, usimpe yote, siku ukimaliza kumfundisha ndiyo siku ya tiketi yako. Nikamsikiliza. Miezi miwili nilimpa binti wa watu kazi ya kuchapisha ripoti na kubadilisha maneno ya siri ya watumiaji. Hakulalamika. Nikikumbuka miezi ile naona haya kuliko nikikumbuka ile barua ya stoo, kwa sababu barua niliiandika kwa kutojua, na hili nililifanya nikijua.

Kilichonitoa huko ni orodha. Siku ya VAT ilikuwa imetangazwa: 16 Aprili 2021, asilimia 5, wakianza wenye mauzo ya zaidi ya riali milioni moja kwa mwaka, na mteja wetu alikuwamo. Vyakula vya msingi vingetozwa asilimia sifuri. Orodha ya kwanza ilikuwa ya bidhaa 93. Kodi ikikaribia kabisa, ikatangazwa kwamba zimeongezwa hadi 488. Kwa nchi ni faraja. Kwetu ilikuwa na maana ya kupitia upya kila bidhaa tuliyokuwa tumekwisha ipanga, maelfu yao. Na orodha ilikuwa kwa Kiarabu, pamoja na namba za forodha. Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa ya Tanga. Naweza kukisoma kwa sauti nzuri, maana sina.

Binti alivuta kiti. Akasoma, nami nikapanga. Usiku wa kwanza alinisahihisha mara nne kwenye mambo ambayo tafsiri ya mashine ilikuwa imeyavuruga. Usiku wa pili yeye ndiye aliyekuwa anaongoza, na mimi nilikuwa namweleza kwa nini: kwa nini asilimia sifuri haifanani na msamaha wa kodi, kwa nini mzigo uliouzwa kabla ya tarehe 16 ukirudishwa baada yake haurudishiwi kodi ambayo haikutozwa, kwa nini risiti iliyokwisha kutoka haifutwi hata bosi akipiga kelele. Nilimpa Kariakoo yote. Kufikia wiki ya pili nilikuwa sina nilichokibakiza, na nilishangaa kuona jinsi mtu anavyofanya kazi vizuri akiwa hana anachokilinda.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani, Alhamisi kuingia Ijumaa, na kulikuwa na amri ya kutotoka usiku, kuanzia saa tatu hadi saa kumi alfajiri. Nasema saa zetu. Tulijifungia ofisini watu sita. Ami, kwa umri wake na ugonjwa ulivyokuwa, alibaki nyumbani, lakini kabla ya magharibi alituma dereva na bakuli la kaimati, tambi na chupa ya uji wa pilipili manga. Mtunza stoo, ambaye si Mwislamu, alikataa kula mchana ule wote mbele yetu, akangoja adhana. Saa sita kamili tukawasha. Tukatoa ankara ya majaribio: sukari, kodi sifuri; soda katoni mbili, riali 4.640, kodi baisa 232. Niliipiga picha nikamtumia Ami. Alikuwa macho. Akajibu kwa sauti, kwa Kipemba chake, akaisoma tarakimu moja moja kama mtu anayehesabu tasbihi, hadi ile ya mwisho. "Mbili. Haya. Laleni."

Jumamosi magari yalitoka. Yalikuwapo makosa madogo kumi na moja. Tisa aliyarekebisha binti peke yake.

Mwaka uliofuata Bahrain walipandisha VAT yao kutoka asilimia 5 hadi 10, nikapelekwa Manama wiki tatu, na huko nilifika na kijitabu changu cha maswali. Mkataba wangu wa Muscat uliisha Septemba 2022 na haukuongezwa, kwa sababu mteja hakuhitaji tena mshauri kutoka nje. Alikuwa na mtu wake ndani. Mwenzangu wa chumbani alikuwa amesema kweli kuhusu tiketi. Hakusema, pengine hakujua, kwamba mtu wa kwanza kunipa kazi nikiwa nimerudi Dar es Salaam angekuwa binti yuleyule, akiniunganisha na kampuni ya shangazi yake iliyoko mji wa Sohar. Leo nafanya kazi nyingi kutoka Kinondoni, tofauti ya saa moja tu, na nakwenda huko mara mbili au tatu kwa mwaka.

Siku ya kuondoka nilipewa karatasi ya kiinua mgongo. Siku 45 za mshahara wa msingi wa riali 300. Nilikuwa naijua hesabu hiyo tangu siku niliyoielewa ile sheria, kwa hiyo nilisaini bila kushtuka, nikaipiga picha nikamtumia mama aione. Haikupita dakika tano akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii karatasi nimeisoma na miwani, na nimemwita dada yako akaisoma. Laki nne na nusu? Za Oman?"

Nikaangalia picha. Imeandikwa wazi kabisa: 450.000.

"Hapana, mama. Ni mia nne na hamsini. Hiyo si alama ya elfu, ni nukta."

Akanyamaza. Nikamsikia akimweleza dada. Kisha akarudi kwenye simu. "Sasa hizo sifuri tatu ni za nini?"

"Ni za baisa. Riali moja ina baisa elfu moja. Hapo hakuna baisa hata moja, lakini lazima nafasi yake iandikwe."

"Hata kama hakuna?"

"Hata kama hakuna."

"Haya," mama akasema. "Wanahesabu vizuri hao. Unafika saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne, saa nne ya usiku, ya kwetu.